Kuchagua na Kuhifadhi Utumbo Mdogo wa Kupandikiza

Anza na umri wa mtoaji. Vituo vingi hupendelea walio chini ya miaka 50, lakini umri usitazamwe peke yake: mtoaji wa miaka 45 mwenye shinikizo la damu lililotulia anaweza kufaa kuliko kijana aliyepewa dozi kubwa za dawa za kupandisha shinikizo, maana nyingi kati ya dawa hizo hubana mishipa ya utumbo. Linganisha na miili pia. Tumbo la mpokeaji aliyewahi kukatwa utumbo huwa limesinyaa, hivyo mtoaji mdogo kuliko yeye ndiye bora.

Ingiza mrija kwenye aota (ateri kuu ya mwili) ya mtoaji, kisha mimina kiowevu baridi cha kuhifadhia viungo, aina ya UW au HTK, mpaka kinachotoka kwenye vena kiwe safi. Acha hapo hapo. Ukizidisha, ukuta wa utumbo hujaa maji na kuvimba, na kosa hili hutokea mara nyingi. Funga ncha zote mbili kwa stepla ili uchafu usimwagike. Pakia katika mifuko mitatu isiyo na vijidudu. Wa ndani uwe na kiowevu, barafu isiguse utumbo wenyewe, kwani tishu huganda.

Utumbo hauvumilii kama figo. Lenga damu irudi ndani ya saa 6 hivi. Saa zikizidi, utando wa ndani huharibika kwanza: ncha za vili (vinyweleo vidogo vya utando huo) hubanduka, bakteria wakapenya damuni. Kwa hiyo timu ya mpokeaji ianze mapema.

Klempu (vibano vya mishipa ya damu) zikifunguliwa, tazama rangi ya utumbo. Waridi ni nzuri. Ukibaki wa kijivu au zambarau, kagua kwanza kama mishipa iliyoungwa imejipinda.