Kutengeneza picha ya saini inayovutia: anza na mwanga, maefekti baadaye

Picha ya saini, kile kibango kidogo kinachokaa chini ya kila ujumbe wako kwenye majukwaa ya mtandaoni chenye mhusika unayempenda na jina lako pembeni, wengi wanaoanza wanadhani uzuri wake uko kwenye wingi wa maefekti, kwahiyo wanarundika moto, radi, nyota na vumbi mpaka huoni tena kilichokusudiwa. Wakuu, uzuri hauko huko. Saini nzuri ina kitu kimoja tu cha kutazamwa na mwanga unaotoka upande mmoja, vingine vyote vilivyomo mle vipo kuvibeba hivyo viwili, na mtu akilishika hilo toka mwanzo hata kama programu bado anajifunza atatoa kazi ya kumsimamisha anayepita.

Kuhusu programu sitakaa sana. Photoshop ipo toka 1990 na ndo wengi waliyojifunzia, ila ni ya kulipia. GIMP ipo toka 1996, ni ya bure kabisa na inafanya kila nitakachoeleza hapa, na kama hutaki kuinstoli chochote Photopea inafunguka ndani ya brauza na menyu zake zimepangwa karibu sawa na za Photoshop. Sharti ni moja, programu iwe na leya, yani matabaka yanayopangwa moja juu ya jingine na kila moja unalirekebisha peke yake. Bila leya usianze. Majina ya menyu nitayaandika vile vile yanavyoonekana kwenye skrini ili usipate shida kuyatafuta.

Fungua faili jipya la pikseli 400 kwa upana na 150 kwa urefu, au saizi yoyote inayoruhusiwa pale utakapoiweka, hilo ulijue kabla hujaanza maana kuja kupunguza mwishoni kunaua kazi: maandishi membamba yanapotea na ile mistari midogo uliyoihangaikia inageuka ukungu. Ile sehemu ya kuandika pikseli ngapi kwa inchi iache kama ilivyo, inahusu kuprinti, kwenye skrini haibadilishi kitu. Na muda wote fanya kazi ukiwa kwenye zoom ya asilimia 100, ukivuta karibu kurekebisha kitu rudi tena, kwasababu mtu ataiona kwa asilimia 100 na si vinginevyo.

Sasa mhusika. Unachotafuta ni renda, yani picha ya mhusika au gari au chochote ambayo bakgraundi yake imeshaondolewa, kwa kawaida inakuwa PNG. Ukiikosa kata mwenyewe, ila usifute kwa raba, tumia maski ya leya, ukipaka nyeusi sehemu inajificha na ukipaka nyeupe inarudi, hivyo hata ukikata sikio kwa bahati mbaya halijapotea. Chagua picha kubwa uipunguze, kamwe usichukue ndogo ukaivuta. Pia usijaribu kuingiza mwili mzima, ndani ya pikseli 150 mtu mzima anakuwa kijitu tu, bora uso na mabega na vingine vikatwe na ukingo. Kumweka katikati kabisa mara nyingi kunaifanya picha ilale, gawa upana mara tatu halafu msogeze kwenye msitari mmojawapo, kwa upana wa 400 ni kama pikseli ya 133 au ya 267, na kama anatazama kulia mweke kushoto ili macho yake yawe na nafasi mbele.

Kabla hujaweka kingine chochote mtazame huyo mhusika vizuri. Pua yake inang'aa upande gani, bega lipi lina mwanga, kivuli cha kidevu kimeangukia wapi? Huko kwenye kung'aa ndo mwanga unakotoka na ndo utakotoka kwenye saini yako yote. Ukiweka taa kulia wakati uso wake umemulikwa kutoka kushoto, mtazamaji anaweza asijue kasoro ni nini lakini ataisikia, ataona tu mhusika kabandikwa juu ya picha nyingine.

Bakgraundi. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kutumia renda yenyewe: itengenezee nakala, ipeleke chini ya ile ya kwanza, ivute iwe kubwa mpaka ijaze eneo lote, kisha ipige Gaussian Blur, ile filta ya kutia ukungu, mpaka isitambulike. Hapo hapo umepata bakgraundi ambayo rangi zake zinaendana na mhusika bila kuumiza kichwa kuchagua. Alafu chukua Smudge, ile alama ya kidole, ipe brashi ya vitone vilivyotawanyika badala ya duara laini, kwenye Photoshop fungua mipangilio ya brashi uwashe Scattering, nguvu ya kidole weka kama 80 au 90, na uanze kuburuta. Usiburute ovyo. Angalia mwili wa mhusika unaelekea wapi, nywele zinapeperukia upande gani, upanga au mkono umenyooka kwenda wapi, basi burutia huko huko, na picha yote itaanza kuwa na mwendo mmoja. Fanya hivyo pia kidogo kwenye kingo za mhusika mwenyewe, nguo, ncha za nywele, mgongo, ili ayeyukie kwenye bakgraundi yake. Uso usiuguse hata kidogo.

Ukishafika hapo ndo maefekti yanaingia. Picha nyingi za moto, moshi, cheche na yale maumbo ya 3D zinakuja na bakgraundi nyeusi, watu wanahangaika kuikata wakati haina haja, badilisha modi ya leya, yani namna inavyochanganyika na zilizo chini yake, iwe Screen na nyeusi yote inatoweka, kwasababu Screen inaongeza mwanga na nyeusi haina mwanga wa kuongeza. Kama bakgraundi ni nyeupe tumia Multiply, kanuni ni ile ile ila kinyume. Ukitaka kitu kiwake zaidi ya Screen, Photoshop ina Linear Dodge na GIMP kazi hiyo inafanywa na Addition, lakini punguza opasiti, yani kiasi leya inavyofunika za chini yake, maana haraka sana sehemu zinaungua zinabaki nyeupe tupu. Kila efekti igeuze ifuate ule mwendo, ipe maski ufute inapopita usoni, halafu jiulize kama ukiizima picha inapungukiwa kitu. Isipopungukiwa itoe. Huu ndo uamuzi mgumu kwa wengi kwasababu efekti umeitafuta kwa shida, lakini nafasi yenyewe ni ndogo mno kubeba kisichofanya kazi.

Kina nacho kinatokana na hizo hizo leya. Mhusika awe mkali, vya nyuma yake viwe na ukungu, na kitu kimoja au viwili, cheche au kipande cha moshi, vipite mbele yake navyo vikiwa na ukungu. Hapo jicho linasoma umbali tatu, karibu, kati na mbali, na kibango kinaacha kuonekana bapa.

Turudi kwenye mwanga maana ndo roho ya kazi yote. Tengeneza leya mpya juu, chukua brashi laini kubwa, karibu na urefu wa picha nzima, weka doa moja pale mwanga unapotoka, nusu yake iangukie nje ya ukingo. Rangi usichukue nyeupe tupu, dondoa rangi iliyong'aa kwenye picha yako mwenyewe. Badili modi iwe Soft Light au Overlay, shusha opasiti mpaka ionekane mwanga na sio rangi iliyomwagika. Kisha leya nyingine, brashi nyeusi, opasiti ndogo, upande wa pili, ili kivuli kiwe kivuli kweli, watu wengi wanaongeza mwanga tu wanasahau kwamba bila giza hauonekani. Kupima kama umefanikiwa, juu ya kila kitu weka leya iliyojaa nyeusi uipe modi ya Color, kwenye GIMP chagua LCh Color, picha yote itageuka ya kijivu. Jicho lako linaenda wapi kwanza? Likienda usoni umepatia, likienda kwenye kona yenye cheche punguza hiyo kona. Ukishapima zima hiyo leya uendelee.

Rangi za mwisho ziunganishe kwa Gradient Map, inayopaka rangi moja kwenye vivuli na nyingine kwenye mwanga. Kwenye Photoshop ni leya ya marekebisho inayokaa juu ya zote, kwenye GIMP kwanza chukua New from Visible kwenye menyu ya Layer upate leya ya kila kinachoonekana, halafu nenda Colors, Map, Gradient Map, itatumia gradienti uliyoichagua. Iweke Soft Light na opasiti ya asilimia 20 hadi 40. Buluu iliyokolea kwenye vivuli na rangi ya machungwa kwenye mwanga inakubali karibu kila mahali, ila kama mhusika ana rangi zake maalum usizizike.

Maandishi ndo yanayoharibu saini nyingi nzuri. Jina likiwekwa kona ya mbali kabisa linavuta jicho litoke kwa mhusika, liweke karibu naye, begani au chini kidogo ya uso, dogo, fonti moja au mbili zisizidi, na rangi yake uidondoe kwenye picha. Achana na yale maandishi yenye kuvimba, kung'aa pembeni na kivuli kizito kwa pamoja. Ukiona jina halikai popote, kibango bila jina ni bora kuliko kibango chenye jina lililolazimishwa. Na fonti nyingi za bure ni bure kwa matumizi binafsi tu, soma kabla hujaanza kutengenezea watu kwa malipo. Hivyo hivyo kwa renda na michoro ya watu, aliyechora akitaka atajwe mtaje.

Kumalizia, chukua tena leya ya vyote vinavyoonekana, kwenye Photoshop ni Ctrl+Shift+Alt+E, pitisha Unsharp Mask, filta ya kuongeza ukali, ya kiasi kidogo sana kisha kwa maski iache usoni na kwenye sehemu chache za mbele, bakgraundi ibaki laini. Msitari wa ukingo ukiutaka uwe wa pikseli 1, Photoshop chagua yote uende Edit, Stroke, ukiuweka Inside. Kwenye GIMP Stroke Selection inachora katikati ya ukingo kwahiyo andika pikseli 2, moja inaangukia nje.

Sevu kwanza faili lenye leya zako, PSD kwa Photoshop au XCF kwa GIMP, ndipo utoe ya kuweka. PNG ndo chaguo langu, haipotezi kitu na inakubali sehemu zilizo wazi, zinazoonyesha kilicho nyuma. Ikizidi uzito unaoruhusiwa toa JPG ya ubora wa 85 au 90. GIF ina rangi 256 tu, ule mwanga laini uliouhangaikia utakatika vipande vipande, iache kwa picha zinazotembea. Wa GIMP kumbuka Save inatoa XCF pekee, PNG unaipata kwenye Export As, Ctrl+Shift+E. Kabla hujaiweka ifungue mara mbili, mara moja juu ya rangi nyeupe na mara moja juu ya nyeusi, kwasababu hujui atakayeisoma skrini yake kaiwekaje, na kama ulikata pembe ziwe wazi, vile vijipande vyeupe vilivyobaki kwenye kingo vitajionyesha kwenye nyeusi.