Moto Mmoja, Masufuria Matatu: Kupika na Kuoka kwa Gharama Ndogo Katika Nyumba Yenye Shughuli Nyingi

Anayepika kwa makaa hapa Kampala anajua kwamba kinachomaliza pesa jikoni mara nyingi si chakula chenyewe, bali ni moto wa kukiivishia. Kilo moja ya maharagwe huweza kuilisha familia kwa siku mbili, lakini makaa ya kuyaivisha huteketea mchana kutwa ikiwa maharagwe yamebandikwa makavu, bila kulowekwa, juu ya sigiri iliyopasuka ubavuni. Tangu Mei 2023, serikali ilipopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi, kila mwenye jiko ana sababu zaidi ya kuhesabu makaa yake. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii sokoni. Unaanzia kwenye moto: ukishawashwa, ni chakula gani kitangulie, kipi kifuate, na joto linalobaki litumiwe kwa kazi gani.

Kwanza, makaa yenyewe. Kwa hesabu ya mwisho wa mwezi, anayenunua kwa kopo hulipa zaidi kuliko anayenunua kwa gunia, hata kama kila siku anajiona ametoa fedha kidogo. Asiyeweza kumudu gunia zima na akubaliane na jirani wagawane, kisha kila mmoja aweke fungu lake pakavu, juu ya mbao au matofali, kwa sababu makaa yaliyonyonya unyevu wakati wa mvua hutoa moshi, huruka cheche, na huchelewa kushika.

Siku ya kupika iwe moja, na kwetu ni Jumapili mchana, kwa kuwa siku za kazi tunarejea nyumbani saa moja jioni watoto wakiwa tayari wanachungulia masufuria. Moto wa mwanzo, ambao ndio mkali zaidi, ni wa maharagwe. Mavuno ya kwanza huangukia Juni na Julai, ya pili Desemba na Januari, na miezi hiyo bei hushuka na maharagwe huwa mapya; yaliyokaa muda mrefu katika ghala lenye joto na unyevu huwa magumu kiasi kwamba hata ukiyachemsha hadi usiku hayalainiki vizuri. Nikifika soko la Kalerwe humwuliza mwuzaji kwa adabu, “Mama, haya ni ya msimu huu?” na mara nyingi yeye mwenyewe hunisogezea gunia jingine.

Maharagwe yachambuliwe, yaoshwe, yalowekwe usiku kucha katika maji yanayozidi ujazo wake mara tatu, kisha maji hayo yamwagwe na kuwekwa mengine. Yakichemka, yaachwe yatokote kwa nguvu kwa dakika 10 kamili au zaidi. Hatua hii isirukwe, kwa maana maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayovunjwa na mtokoto mkali na ambayo moto mdogo hauiondoi. Baada ya hapo yaendelee kuchemka kwa nusu saa hivi, mpaka punje ukiibana kati ya vidole ikubali kubonyea huku ikiwa bado na kiini kigumu. Nyanya zisitiwe wakati huu, kwani uchachu wake huchelewesha kulainika. Zingoje hadi maharagwe yaive.

Sasa sufuria iondolewe motoni na kuingizwa katika kikapu cha joto. Hiki ni kikapu kipana, au hata katoni imara, kilichotandikwa majani makavu ya mgomba au blanketi kuukuu, unene wa kiganja pande zote, chini na juu. Sufuria iwe imejaa vizuri, kwa kuwa iliyojaa nusu hupoteza joto upesi. Ifunikwe, izungushiwe kitambaa, ifukiwe, na isifunuliwe kwa saa tatu au nne. Watoto wetu walipokiona mara ya kwanza walidhani mama analaza sufuria. Yakitoka humo, maharagwe yarudishwe motoni yachemke tena, ndipo yaungwe kwa kitunguu, nyanya, na kijiko kikubwa cha karanga za kusaga. Mchele nao hupikika kwa njia hiyo hiyo: uchemke dakika tano, kisha ukae kikapuni kwa saa moja.

Mwenye friji agawanye maharagwe yaliyoiva, kabla hayajaungwa, katika vyombo vya mlo mmoja mmoja. Asiye na friji asijidanganye kwamba chakula cha Jumapili kitamfikisha Jumatano. Apike cha mchana na cha jioni tu, na kile cha jioni akichemshe kabisa kabla ya kupakua.

Wakati maharagwe yapo kikapuni, sigiri iko wazi kwa matooke, na hapa Waganda walikwisha kutufundisha ubanaji matumizi kabla ya yeyote kuandika mwongozo. Matooke yaliyofungwa katika majani ya mgomba huiva kwa mvuke, na mvuke huo huo huivisha vitu vingine bila kuongeza kaa hata moja: mboga za majani kama dodo (mchicha) au nakati, zilizofungwa katika jani lake, vipande vya boga, na bakuli la mchuzi wa karanga lililofunikwa vizuri. Kila kimoja kina fungu lake juu ya matooke, kisha yote hufunikwa kwa majani mengine. Ni lazima tu maji ya chini yaangaliwe yasikauke, na kazi hiyo apewe mtoto mkubwa mwenye masikio, kwa sababu sauti ya sufuria iliyoishiwa maji hubadilika kabla harufu ya kuungua haijafika sebuleni.

Kuhusu karanga, zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe. Sumu ya ukungu huo haiondolewi na kukaanga wala kuchemsha, na rahisi ya karanga za namna hiyo ni hasara tupu. Mukene, yaani dagaa wetu wa Ziwa Victoria, ni kitoweo cha bei nafuu chenye nguvu nyingi. Wanunuliwe wale walioanikwa juu ya nyavu au vichanja, maana walioanikwa chini huja na mchanga wao. Waoshwe kwa maji ya moto, wakaushwe kwenye kikaango kisicho na mafuta, na sehemu yao isagwe iwe unga wa kutia katika mchuzi wa watoto wasiopenda kuona macho ya samaki.

Tuje kwenye mkate. Wengi huamini kwamba bila oveni hakuna kuoka, na mimi niliamini hivyo mpaka jirani mmoja aliponionyesha sufuria yake yenye mchanga. Vipimo ni hivi: unga wa ngano gramu 500, hamira kavu kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kijiko cha chai kimoja, sukari vijiko vikubwa viwili, mafuta vijiko vikubwa viwili, na maji ya uvuguvugu mililita 300 hivi, yakitiwa kidogo kidogo kwa kuwa unga haufanani. Ukande kwa dakika 10 au 12, mpaka donge liache kunata mikononi na likibonyezwa kwa kidole lirudi lenyewe. Lifunikwe liumuke hadi liwe maradufu, jambo ambalo kwa joto la hapa huchukua kama saa moja. Kisha lipondwe kidogo, lifinyangwe, liwekwe katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, lisizidi nusu ya kina chake, na liachwe liumuke tena kwa nusu saa.

Sufuria kubwa itiwe mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, ifunikwe na kubandikwa ipate moto kwa dakika 10. Ndipo sufuria ndogo iingizwe ndani, kubwa ifunikwe kwa mfuniko wa bati usio na kishikio cha plastiki, na makaa yapangwe juu ya mfuniko. Siri yote iko katika mgawo wa makaa: yaliyo mengi yakae juu, machache yabaki chini. Mkate wangu wa kwanza niliupangia kinyume, nikaupata mweusi chini kama kitako cha chungu, na juu ni ujiuji. Baada ya dakika 35 hadi 45 utolewe na kugongwa chini kwa kifundo cha kidole. Ukitoa sauti ya uwazi, kama ngoma ndogo, umeiva. Usikatwe ukiwa moto, ingawa sijawahi kufaulu kuwazuia watoto kwa zaidi ya dakika saba.

Ukikanda kilo nzima, nusu iwe mkate na nusu ikatwe maandazi ya chai ya Jumatatu, hivyo kukanda kumefanyika mara moja tu.

Ndizi tamu ndogo zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo wauzaji hushusha bei jioni, zisitupwe: ndizo za kabalagala, yaani vitumbua bapa vya ndizi na unga wa muhogo. Zipondwe kwa mkono mpaka zilainike kabisa, bila maji wala sukari, kisha unga wa muhogo utiwe kidogo kidogo hadi donge lishikane na lisinate. Lisukumwe unene wa nusu kidole, likatwe kwa mdomo wa glasi, na vipande vikaangwe katika mafuta ya moto wa kadiri, kwa kuwa sukari ya ndizi huungua haraka na moto mkali utavifanya vyeusi nje na vibichi ndani. Makaa yaliyobaki baada ya mkate, ambayo yameanza kuvaa jivu, yana joto linalofaa kabisa kwa kazi hii.

Kazi ikiisha na makaa bado ni mekundu, yachukuliwe kwa koleo na kutiwa katika debe la bati lenye kifuniko kinachobana, lililowekwa nje juu ya sakafu ya saruji. Yakikosa hewa yatazimika, na kesho yatashika upesi kuliko mapya. Sigiri yenyewe isiingizwe chumbani kwa ajili ya kuota moto, hata usiku wa baridi ya mvua, kwani hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Jivu lililopoa lichekechwe na kuwekwa kando ya karai, maana masufuria matatu yenye masizi yanasubiri kusuguliwa.