Jinsi ya kusoma barua ya Einstein kwa Roosevelt, na zilizoifuata

Barua hiyo ilimtahadharisha Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, kwamba urani huenda ikatumika kutengeneza bomu. Usianze na maneno ya barua. Chora kwanza jedwali la safu nne: siku iliyoandikwa, siku iliyofika, siku iliyojibiwa, na kilichotolewa. Wengi husoma safu ya kwanza tu, na hapo ndipo historia ya bomu la atomiki inapopindwa.

Jaza mstari wa kwanza. Barua ina tarehe 2 Agosti 1939 na anwani ya Peconic, Long Island, alikokuwa Einstein likizoni. Roosevelt aliletewa 11 Oktoba na Alexander Sachs, mchumi aliyekuwa na mlango wa kuingilia Ikulu. Ni siku 70, na katikati yake Ujerumani ilikwishavamia Poland. Jibu lilitoka 19 Oktoba. Siku mbili baadaye kamati ya serikali ya kuchunguza urani, chini ya Lyman Briggs, ikakutana. Kilichotolewa ni dola 6,000 za majaribio ya Chuo Kikuu cha Columbia, nazo zikapatikana Februari 1940. Kwa kiasi hicho ni vigumu kudai kwamba barua ndiyo iliyozaa bomu.

Kisha tenganisha sahihi na kalamu. Mwanafizikia Leo Szilard ndiye aliyeisukuma kazi hii. Einstein alitia sahihi matoleo mawili, fupi na refu, na refu ndilo lililopelekwa. Ukinukuu, hakikisha unanukuu lipi. Barua iliyomfikia Rais imehifadhiwa katika maktaba yake, Hyde Park, New York.

Sasa ingia ndani, ukipima kiwango cha uhakika sentensi kwa sentensi. Kuhusu mmenyuko mfululizo katika urani nyingi, yaani kiini kimoja cha atomu kikipasuka kinapasua vingine, barua inasema karibu ni hakika utapatikana hivi karibuni. Ikifika kwenye bomu inalegeza kauli: linawezekana, lakini uhakika wake ni mdogo zaidi. Anayeripoti kwamba Einstein "alitangaza" bomu ameruka sentensi hiyo.

Halafu tafuta ombi. Barua haiombi kiwanda wala jeshi. Inamshauri Rais ateue mtu anayemwamini, pengine bila cheo rasmi, azijulishe idara za serikali, afuatilie upatikanaji wa madini ya urani na atafute fedha za majaribio kwa watu binafsi. Kongo ya Wabelgiji imetajwa kuwa chanzo kikuu cha urani. Usiruke jina hilo, maana baadaye sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Marekani ilitoka huko.

Kipande kinachowachanganya wasomaji ni kile cha bomu kusafirishwa kwa meli na kulipuliwa bandarini, kwa kuwa huenda lingekuwa zito mno kwa ndege. Hesabu iliyokuwa kichwani ni ya urani ya asili, ambayo U-235, aina ya urani inayopasuka kirahisi, ni asilimia 0.7 tu, kwa hiyo lingehitajika lundo kubwa. Ulinganishe na waraka wa wanafizikia Otto Frisch na Rudolf Peierls, ulioandikwa Birmingham Machi 1940. Wao walichukua U-235 iliyotengwa na nyutroni za kasi, wakapata kwamba takriban kilo 1 ingetosha. Walikadiria chini mno, kwani bomu la Hiroshima lilitumia takriban kilo 64. Lakini hata hizo hubebwa na ndege. Waraka huo ndio uliozaa kamati ya MAUD ya Uingereza, iliyochunguza kama bomu la urani linawezekana, na ripoti yake ya 1941 iliitikisa Washington kuliko barua ya Einstein.

Usiishie hapo. Einstein alimwandikia Sachs 7 Machi 1940 na Briggs 25 Aprili mwaka huohuo. Barua ya 25 Machi 1945 inahitaji uangalifu: anamtambulisha Szilard kwa Rais, huku akisema masharti ya siri yanamzuia Szilard kumweleza yeye Einstein kazi anayoifanya. Basi usiitumie kama ushahidi wa maoni ya Einstein kuhusu kulitupa bomu Japani. Roosevelt alifariki 12 Aprili bila kuijibu. Katika mstari huo, safu ya tatu iache tupu.