Somo: Kubadilisha tairodi endi mwenyewe nyumbani

Kiangazi cha Dodoma kinamaliza stelingi za magari kimya kimya. Tairodi endi ni kiungo cha mwisho cha fimbo ya stelingi, ndicho kinachogeuza tairi unapokata kona. Mpira unaofunika kichwa cha tairodi endi ukichanika kidogo tu, vumbi letu laini linaingia, linachanganyika na grisi na kugeuka msasa. Kiungo kinalika, gari linaanza kuyumba, na kwenye barabara ya changarawe unasikia "kok, kok" hadi mikononi. Somo hili ni la mwenye IST, Vitz au gari dogo la namna hiyo, mwenye uwanja mgumu nyumbani na nusu siku ya nafasi.

Tikisa tairi kabla hujanunua spea

Nimeona watu wengi wakinunua tairodi endi, kumbe kilichokufa ni boljointi, kiungo kingine kinachoshikilia habu ya tairi kwenye gari. Egesha mahali tambarare, si kwenye mchanga. Vuta hendibreki, weka mawe mazito mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Legeza nati za tairi kidogo gari likiwa bado chini, ndipo uinue kwa jeki na kuweka stendi chini ya chesisi. Tofali usiliamini, linapasuka bila kukuaga. Na gari likiwa juu ya jeki peke yake, usiingize hata mkono chini yake.

Shika tairi ubavu wa kushoto na wa kulia, sukuma na kuvuta. Sasa mwachie mtu mwingine atikise, wewe weka kidole gumba pale kichwa cha tairodi endi kinapoingia kwenye mkono wa habu, yaani chuma kinachochomoza kwenye habu kupokea fimbo ya stelingi. Kikiwa kizima, vyuma viwili hivyo vinakwenda pamoja kama kitu kimoja. Kikiwa kimekufa, utakihisi kinaruka chini ya kidole. Tairi ikicheza juu na chini, hiyo ni boljointi au beringi ya habu, na somo lake ni jingine.

Kufungua

Toa tairi. Sugua hesi (mikato ya mzunguko ambayo nati hupita) kwa brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, kisha kanywe chai. Dakika ishirini za kusubiri zinakuokolea saa nzima ya kupigana na nati. Legeza loknati inayobana tairodi endi kwenye fimbo yake, robo mzunguko tu, isikimbie mahali pake. Hiyo ndiyo alama yako ya kurudishia.

Nyoosha ncha za spliti pini, kile kipini kinachozuia nati isijifungue, uitoe. Gari langu la kwanza nilikuta msumari umekunjwa mahali pa pini. Fundi mmoja alikuwa ameufunga hivyo, na mimi nilikuwa nimeshabeba watoto mpaka Kondoa na kurudi. Tangu siku hiyo sifungi gari lolote bila pini mpya.

Fungua nati yenye meno lakini usiitoe yote, iache mizunguko miwili. Kichwa kimebana kwenye tundu lake kwa sababu kimechongwa kama koni. Ukiwa na pula, kifaa cha kuchomolea kichwa hicho, tumia. Kama huna, piga nyundo ubavuni mwa mkono wa habu, pale tundu lilipo, mapigo mazito mawili matatu. Usipige ncha ya bolti, utaharibu hesi. Koni ikiachia utasikia mlio wa ghafla, na ile nati uliyoiacha inazuia kisikurukie.

Maliza nati, kisha zungusha tairodi endi kuitoa huku ukihesabu mizunguko. Andika ukutani kwa chaki: 17 na nusu, au vyovyote ilivyo. Ukikatizwa na simu ukasahau, utakuwa unakisia.

Kufunga

Linganisha mpya na ya zamani kwa urefu na unene wa hesi. Kwenye magari mengine ya kushoto na ya kulia hazifanani. Ingiza kwa mizunguko ileile, ingiza koni kwenye tundu, kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Tundu la pini lisipolingana na meno, kaza mbele kidogo. Usirudishe nyuma kamwe. Weka pini mpya, kunja ncha. Kaza loknati, rudisha tairi, shusha gari, kisha malizia nati za tairi. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo chake ni 103 Nm.

Kutoka hapo nenda polepole moja kwa moja kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa mwelekeo wa tairi kwa mashine. Kuhesabu mizunguko kunakufikisha huko salama, lakini hakuchukui nafasi ya mashine. Usipopima, tairi mpya zitalika upande mmoja.

Maswali ya wanachama (jina la mbele ni mahali swali linakotoka)

*Nkuhungu: Kaka, nikikaza nati, bolti nzima inazunguka nayo. Nifanyeje?*
Koni haijakaa. Weka jeki chini ya kichwa cha tairodi endi, inua taratibu mpaka ibane, kisha kaza.

*Kisasa: Nibadilishe moja au zote mbili?*
Iliyokufa lazima. Ya pili ipime kwa kidole kama nilivyoeleza. Mpira wake ukiwa umechanika, ibadilishe nayo ulipie alaimenti mara moja.

*Mpwapwa: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya zamani yenye fimbo moja ndefu, upande mmoja umekataa kabisa kufunguka.*
Marahaba mwanangu. Fimbo za namna hiyo mara nyingi ncha moja ina hesi za kushoto. Angalia hesi zilivyolala kabla hujaongeza nguvu. Huenda umekuwa ukikaza muda wote.

*Ihumwa: Nimemaliza, gari linakwenda sawa ila usukani umekaa upande. Niuchomoe niurudishe katikati?*
Hapana dada, usiuguse, hasa kama una eabegi. Mwambie mtu wa alaimenti aufunge usukani katikati, kisha afupishe fimbo ya upande mmoja na kurefusha ya upande wa pili kwa kiasi kilekile.