Kuchagua ngozi mpya ya kamera ya zamani: anza na unene, rangi baadaye

Ukitaka kuivisha upya kamera ya filamu, macho hukimbilia rangi kwanza. Nami nilinaswa hivyo. Nilipata kipande cha ngozi halisi ya kahawia, nikakibandika kwa mbwembwe, kisha mlango wa nyuma ukagoma kufunga. Ngozi ilizidi kiasi cha nusu milimita tu, na ilibidi nianze upya. Kwa hiyo somo hili linafuata mpangilio ambao ningetamani kuufuata siku ile.

Hatua ya 1: Bandua ya zamani bila kuichana. Anzia kwenye kona, kwa kijiti bapa cha plastiki au mwanzi. Gundi ikikaza, ilowanishe kwa spiriti kwenye kijiti cha pamba. Usimimine, maana spiriti ikichuruzika hadi kwenye shata (pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga) hubeba uchafu na gundi iliyoyeyuka. Usiitupe ngozi hiyo, ndiyo kiolezo chako. Kwenye kamera ya Leica M3, iliyotoka mwaka 1954, hutakuta ngozi bali mpira mgumu uitwao vulkanaiti, ambao ukizeeka hubanduka vipande vipande kama ganda la yai. Hapo bandika utepe wa karatasi juu ya bodi tupu, pitisha penseli kwenye kingo zote, kata, na kiolezo umekipata.

Hatua ya 2: Soma kilichokuwa chini. Watu huiruka hatua hii. Kwenye kamera za Yashica Electro 35 na Canonet, kwa mfano, skrubu za kuingilia mbele ya kamera zimefichwa chini ya ngozi. Maana yake siku moja wewe au fundi mtaibandua tena, na gundi lazima iruhusu.

Angalia pia kutu ya kijani. Mafuta yaliyomo kwenye ngozi halisi hushambulia riveti za shaba (vipini vidogo vinavyoshikilia sehemu za bodi), kutu ikavimba na kuinua ngozi ikawa na vinundu. Kamera za Contax IIa za Zeiss Ikon zina sifa hiyo mbaya. Kwangua yote, safisha, kisha paka vanishi nyembamba juu ya riveti. Ukibandika ngozi mpya juu ya kutu, vinundu vitarudi.

Hatua ya 3: Pima unene. Tumia vernia kalipa (kipimo cha kubana cha milimita), pima ngozi ya zamani sehemu tatu nne. Kisha tazama ngozi inakutana na nini: ukingo wa bodi, komeo la mlango, mkono wa kujipigia picha (kijiti cha mbele kinachochelewesha picha). Ngozi mpya ikiwa nene, mkono huo unakwaruza. Ikiwa nyembamba mahali palipokuwa na vulkanaiti, ukingo wa chuma unabaki wazi na kamera inaonekana kama imevaa shati la mdogo wake.

Hatua ya 4: Sasa chagua aina. Ngozi bandia ya vinili yenye kitambaa nyuma haivutiki sana, hukatika safi, na ndiyo ningempa anayeanza. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba na hupendeza mkononi, ila huvutika unapoibandika, na kingo huenda zikahitaji kupunguzwa kwa kisu. Rangi? Yoyote uipendayo.

Hatua ya 5: Gundi. Selotepu nyembamba ya pande mbili inatosha kwa bodi bapa. Penye mviringo, gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri isishike kidole, ndipo ubandike. Ikishagusana hairekebishiki kirahisi, kwa hiyo jaribu ngozi ikiwa kavu kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, supagluu si ingemaliza kazi haraka?*
Ingemaliza, na mvuke wake ungeacha ukungu mweupe kwenye vioo. Isitoshe hutaibandua tena bila kuumiza rangi ya bodi.

*Nina mabaki ya ngozi ya kochi. Yanafaa?*
Mara nyingi ni nene mno, na mengine yana sponji nyuma. Pima kwanza. Ngozi bandia ya kujalidia vitabu ina nafasi nzuri zaidi.

*Polaroid SX-70 yangu nayo ni hivyo hivyo?*
Kuwa mkali zaidi kwenye unene, ndugu, kwa sababu hiyo hukunjwa. Kabla ya kubandika, ikunje na kuikunjua huku ukitazama kila ukingo unapopita.

*Nikibadilisha, thamani inashuka?*
Kwa mkusanyaji anayetaka kila kitu cha asili, ndiyo. Kama ya zamani bado ni nzima, iache mahali pake. Ukiibandua, ihifadhi kwenye bahasha.

*Nimekata vizuri kabisa lakini tundu la kitufe limetokea upande wa pili!*
Umechora mgongoni mwa ngozi bila kugeuza kiolezo. Pole, yamewakuta wengi. Kigeuze ukate tena, na hicho kilichoharibika kitumie kujaribia gundi.