Mbwa amekula bunju na bandari iko mbali: hatua kwa hatua

Bunju, samaki mwenye sumu anayejifutua kama puto, hunaswa kwenye mshipi, akavimba sitahani, na mbwa akamrukia. Au mtu anatumbua samaki na ini likadondoka pembeni. Sumu yake, tetrodotoksini, hukaa zaidi kwenye ini, mayai, utumbo na ngozi, na kupika hakuiondoi. Dawa ya kuipinga haipo. Sumu hii inazuia mishipa ya fahamu kupeleka amri kwenye misuli, kwa hiyo mbwa hutoka udenda, hutapika, hupepesuka miguu ya nyuma, kisha kifua hushindwa kuvuta pumzi. Moyo kwa kawaida huendelea kupiga baada ya kifua kusimama. Ukiwa kusini mwa Mafia kuelekea Comoro, uhai wa mbwa huyo umo kwenye pumzi utakazompulizia wewe.

1. Toa mabaki kinywani. Vaa glavu, inamisha kichwa chake, suuza kwa maji. Andika saa. Piga picha ya samaki, mfunge kwenye mfuko.

2. Mtapishe ikiwa tu amekula ndani ya saa moja au mbili na bado anasimama imara. Haidrojeni peroksaidi ya 3%, mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 45. Mbwa wa kilo 15 apate 15 hadi 30, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, taratibu, pembeni mwa shavu. Asipotapika baada ya dakika 15, rudia mara moja tu. Soma chupa vizuri: zipo za 6%, nazo huunguza tumbo, ichanganye na maji kiasi kilekile. Chupa ya zamani isiyotoa povu haifanyi kazi. Chumvi usimpe kamwe, inaweza kumuua yenyewe. Akishaanza kupepesuka, acha kabisa kumtapisha, kwa sababu matapishi yataingia mapafuni.

3. Tuliza chombo. Punguza tanga, uende na upepo ili chombo kisilale upande. Mlaze mbwa kwa ubavu katikati, chini kabisa, umkingie kwa mito na makoja ya kamba. Shingo inyooke.

4. Hesabu pumzi kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Kawaida ni 10 hadi 30 kwa dakika. Zikishuka chini ya 8, au fizi zikigeuka buluu, anza. Funga mdomo wake kwa kiganja, weka midomo yako juu ya pua zake, puliza mpaka kifua kiinuke, kisha acha kishuke. Pumzi moja kila sekunde 6. Kosa kubwa hapa ni kupuliza kwa nguvu: hewa huenda tumboni, tumbo linajaa, matapishi yanapanda. Macho yako yawe kifuani mwake muda wote. Pangeni zamu mapema, maana kazi inaweza kuchukua saa nyingi.

5. Wasiliana. Mayday, wito wa redio wa hatari kubwa, si ya mbwa. Ita kwa utaratibu wa kawaida kwenye chaneli 16 ya VHF, redio ya chombo, useme wazi kuwa mgonjwa ni mbwa. Huenda meli ya jirani ina oksijeni. VHF haifiki mbali, hivyo namba ya daktari wa mifugo iwe kwenye simu ya setilaiti kabla hujang'oa nanga. Mwambie uzito, saa aliyokula, pumzi na rangi ya fizi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, dafu halikati sumu?*
Halikati. Mbwa aliyelegea hawezi kumeza, na dafu litaishia mapafuni. Asipewe chochote mdomoni mpaka ameze mwenyewe.

*Na paka?*
Peroksaidi usimpe paka, humtoa damu tumboni. Hatua nyingine ni zilezile, ila pumzi ziwe ndogo sana.

*Wangu hakugusa samaki, alizurura ufukweni tu.*
Ndugu, bado inawezekana ni sumu hii. Mwaka 2009 mbwa kadhaa walikufa kwenye fukwe za Auckland, New Zealand, kwa sumu hiyohiyo iliyokuwa kwenye konokono wa baharini wasio na gamba. Fuata hatua zilezile.

*Akilegea kabisa, hata macho hayapepesi, nitajuaje kama bado hai?*
Macho yatakudanganya, yamepooza pia, na huenda bado anakusikia. Weka vidole kifuani, nyuma ya kiwiko cha kushoto. Moyo ukipiga, endelea kupuliza. Usipopiga, kandamiza kifua mara 30 kwa pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja hadi nusu ya kifua, mkibadilishana kila dakika 2.

*Mpaka lini?*
Akivuka saa 24, matumaini ni makubwa. Hadi hapo mgeuze ubavu kila saa chache, mfunike asipate baridi, na umdondoshee macho maji ya chumvi ya hospitali kila saa, kwa kuwa hawezi kupepesa na yatakauka.