Kubadili koki ya sinki la jikoni kwenye nyumba inayotumia tenki

Kabla ya kutoa hela dukani, pima kimo kutoka kitako cha tenki hadi mdomo wa koki. Nyumba nyingi za Arusha na Moshi zinategemea tenki la juu, na kila mita 1 ya kimo inatoa presha ya takriban bar 0.1 tu. Tenki lililo mita 3 juu ya koki ni bar 0.3, wakati miksa nyingi za mkono mmoja (koki zinazochanganya maji moto na baridi) zinataka bar 0.5 hadi 1. Ukifunga hiyo, maji yatatoka kama uzi hata kama kazi ni safi. Chukua koki ya kawaida ya kuzungusha, au miksa ambayo boksi lake linasema inafaa presha ndogo.

Nunua pia fleksibo mpya za nusu inchi (mipira inayopeleka maji kwenye koki) na tepe nyeupe ya kuzibia nyuzi za bomba. Za zamani usizirudishe, mpira wake umeshachoka.

Hatua ya 1. Funga engo valvu, ile valvu ndogo ya ukutani chini ya sinki. Ikigoma usiilazimishe, kafunge geti valvu, yaani valvu kuu ya tenki. Kama kuna hita, izime umeme kwanza, maana ikiwashwa bila maji inaungua. Fungua koki ya zamani maji yaishe.

Hatua ya 2. Tumia spana mbili: moja ishike valvu, spana malaya (inayorekebishwa upana) ifungue nati ya fleksibo. Hapa ndipo watu wanaharibu nyumba. Kiwiko cha PPR (bomba la plastiki) ukutani, ambamo valvu imefungwa, kina nyuzi za shaba zilizoshikwa na plastiki. Valvu ikizunguka pamoja na nati, shaba inaachia na maji yanavuja ndani ya ukuta. Utajua siku rangi inapoanza kubanduka.

Hatua ya 3. Fungua nati ya koki chini ya sinki. Ikiwa na kutu, ipake mafuta, subiri dakika 20. Sugua uchafu wote kwenye tundu.

Hatua ya 4. Funga fleksibo kwenye miksa kwa mkono kabla hujaipandisha; ikishakaa juu, nafasi ya vidole hakuna. Weka mpira wa chini, kisha kaza nati.

Hatua ya 5. Weka ndoo kwenye mdomo wa valvu, fungulia maji sekunde chache. Mchanga wa tenki utoke hapo, usije ukaziba koki mpya.

Hatua ya 6. Unganisha: moto kushoto, baridi kulia. Nati ya fleksibo ina washa (pete ya mpira) ndani, kwa hiyo haitaki tepe. Tepe inazuia washa kukaa vizuri. Tepe ni ya nyuzi zisizo na washa, kama valvu inapoingia ukutani, na inazungushwa kufuata saa. Kaza nati ya fleksibo kwa mkono, malizia na spana robo mzunguko. Ukizidisha, washa inakatika.

Kichujio cha mdomoni mwa koki kinazuia mchanga tu. Floraidi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji ya ukanda wa Mlima Meru, inapita, na kuchemsha hakuiondoi.

Fungulia maji, kausha viungo, zungushia tishu kavu kila nati. Rudi baada ya nusu saa. Tishu ikilowa, ongeza kukaza kidogo sana. Ikiendelea kulowa, fungua uangalie washa kama imekaa upande.